Ni Paul Rudd yuleyule wa 1991

Ukijiuliza kama mwanamume anayeonekana katika tangazo la Switch 2 ndiye yule wa tangazo la zamani la Nintendo, ndiye yeye mwenyewe. Paul Rudd, aliyeonekana katika tangazo la Super Nintendo, mashine ya michezo ya video, mwaka 1991 kabla hajawa mwigizaji mashuhuri, ndiye aliyerudishwa na kampuni ya Nintendo mwaka 2025 kuitangaza Switch 2, mashine yake nyingine ya michezo, akiwa na koti refu na mkufu kama vya awali. Ukiyatazama matangazo hayo kwa kufuatana utaona kwamba mwigo huo ni wa makusudi kabisa, kwa kuwa waliokuwa watoto wakati ule sasa wana mishahara, na wengi wao wana watoto wa kuwanunulia. Hata hivyo, tangazo la kwanza lililenga watazamaji wa Marekani, hivyo aliyekulia kwingine huenda lisimguse, hata kama aliimiliki mashine yenyewe.