Nzi wa kuelea: kila fundi na mkono wake

Kaka, umeuliza kama nzi wote wa kuelea (chambo bandia cha kuvulia samaki, kinachofungwa kwenye ndoana na kuelea juu ya maji) wanaofungwa New York ni mtindo mmoja. Hapana, hata kidogo.

Theodore Gordon, mvuvi wa New York, alipata nzi kutoka kwa Halford, mvuvi wa Uingereza, mwaka 1890, lakini wale ni wa mito tulivu. Kwenye milima ya Catskill, New York, maji yanakimbia, ndiyo maana mafundi wa kule wakashika manyoya magumu ya shingo ya jogoo, machache tu, na mabawa mawili wima ya manyoya ya ubavu wa bata. Kiwiliwili chembamba kama kijiti. Tazama karibu na tundu la ndoana: mara nyingi utakuta chuma kimeachwa kitupu kidogo.

Walt na Winnie Dette, mafundi wa Catskill, waliujua mtindo huo kwa kufumua nzi wa fundi mwingine, Rube Cross, maana mwenyewe alikataa kuwafundisha (mambo ya siri za ufundi hayo).

Sasa mweke pembeni yao nzi aitwaye Haystack, wa fundi Fran Betters, wa mto Ausable huko huko New York. Bawa ni kishungi cha nywele za kulungu kilichotandazwa, manyoya ya jogoo hana kabisa. Ukimwona, kama kaamka hajachana nywele! Ila kwenye maji ya povu, mimi namfunga huyo kwanza.