Jina Langu Kwenye Fomu ya Marehemu Kakangu

Siku ya tano baada ya maziko, hitima imekwisha na masufuria ya kukodi yamerudishwa, nilipigiwa simu na afisa wa wafanyakazi wa kampuni aliyokuwa akifanya kazi kakangu. Alinipa pole, akaniuliza namba ya kitambulisho, kisha akanitaka nifike ofisini kwa sababu mimi ndiye niliyeandikwa kwenye fomu ya pensheni. Nikadhani amekosea. Nikamwambia mjane yupo, ameshaingia eda, na watoto watatu wapo. Akasema, "Najua, mwalimu. Lakini kwenye fomu jina ni lako."

Hii ilikuwa 2014. Kakangu alikuwa ametumikia miaka 18 katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, na ugonjwa ulimchukua katika wiki tatu tu. Fomu niliyooneshwa ilikuwa ya 1996, karatasi imegeuka rangi ya chai, mwandiko wake wa herufi kubwa kubwa naujua hata gizani. Alipoijaza hakuwa ameoa. Aliandika mamangu asilimia 50, mimi asilimia 50. Mwaka ule nilikuwa kidato cha pili, na karo yangu ilikuwa ikitoka kwenye mshahara wake wa kwanza. Kwa hiyo karatasi ile haikuwa uzembe wakati inaandikwa. Kijana aliyeshika kalamu alikuwa akisema, nikifa leo, mdogo wangu amalize shule.

Kisha akaoa. Akapata watoto. Mama akafariki 2009. Mimi nikamaliza chuo nikaajiriwa. Fomu haikujua lolote kati ya hayo. Miaka 18 hakuna aliyemwuliza kama anataka kubadilisha, na yeye hakuuliza.

Nyumbani habari zilienea kabla sijafika na matatu. Ami yetu mkubwa alikuwa na neno moja tu: jina ni jina. Marehemu aliandika akiwa na akili zake, pesa ni za nduguye, na nduguye akitaka kumsaidia mjane ni hisani yake. Wengine wakasema hapana, twende kwa Kadhi zigawanywe kama mirathi, mke apate thumuni yake na watoto wapate mafungu yao. Nami nikiwa katikati, sikujua hata upande gani una sheria.

Basi nilijifunza hivi. Sheria ya Mafao ya Uzeeni ya Kenya, ile ya 1997, ina kifungu cha 36A. Kinasema mwanachama wa mfuko akifa, mafao yake si sehemu ya mali anayoacha kwa ajili ya kusimamiwa na kurithiwa; wadhamini wa mfuko, yaani watu waliokabidhiwa kuusimamia, huyalipa kwa kufuata kanuni za mfuko wenyewe. Hilo lina faida kubwa. Nyumba na ploti za marehemu zinaweza kukaa mahakamani miaka, watu wakigombania barua za usimamizi, yaani kibali cha mahakama cha kusimamia mali ya marehemu, lakini pensheni haiingii kwenye foleni hiyo. Ila lina upande wa pili ambao watu wengi hawaujui: wasia wako hauigusi pensheni, na hesabu za Kadhi haziigusi pia. Kinachotazamwa kwanza ni ile fomu. Na ukitegemea kwamba "wataona wenyewe nina mke", unamtegemea mtu aliyeketi Nairobi ambaye hajawahi kufika Likoni, nyumbani kwa marehemu.

Usichanganye fomu hiyo na ile ya jamaa wa karibu unayojaza siku ya kwanza kazini. Ile ni ya kujua apigiwe nani simu ukianguka. Kakangu kwenye ile alikuwa ameandika mke wake vizuri kabisa, na namba ya simu. Haikumsaidia kitu kwa upande wa pesa.

Sitajisifu hapa. Nilikuwa na msingi wa nyumba Mtwapa uliosimama tangu mwaka uliotangulia, nyasi zimeota ndani. Usiku wa kwanza nilihesabu mabati. Usiku wa pili nikahesabu milango. Siku ya tatu nilikwenda Likoni kumpelekea shemeji unga na mafuta, nikamkuta binti yao mkubwa anafua sare za wadogo zake, naye akaniuliza kama muhula ujao shule itakuwapo. Sikumjibu vizuri. Jioni ile niliandika barua kwa wadhamini kwamba siombi chochote kutokana na fomu ile, na kwamba marehemu ameacha mjane na watoto waliokuwa wakimtegemea kwa kila kitu. Wakili aliyenigongea mhuri aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Barua hiyo iliwafungulia wadhamini njia. Mwandikiwa mmoja amekufa na wa pili amejitoa, kwa hiyo kwa kanuni za mfuko ule wakabaki na jukumu la kuchunguza ni nani waliomtegemea marehemu na kugawa kwa busara yao. Nakuomba usitegemee kupata shemeji mwenye moyo mlaini siku hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa mbali na ule moyo kwa mwendo wa siku mbili.

Hapo ndipo mbio zilipoanza, na zilikuwa zangu, kwa sababu mke aliye edani hatazamiwi kushinda kwenye foleni za ofisi miezi minne na siku kumi. Kibali cha mazishi tulikuwa nacho tukadhani kinatosha. Hakitoshi, wanataka cheti cha kifo kutoka kwa msajili. Ndoa yao ilifungwa msikitini na karatasi iliyokuwapo ni ya imamu, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Tukahangaika ofisi ya Kadhi hadi ndoa ikapata cheti kinachokubalika. Jina la shemeji kwenye kitambulisho lina herufi moja zaidi kuliko kwenye vyeti vya watoto, na herufi hiyo moja ilitugharimu hati ya kiapo na wiki tatu. Ukitoka hapa, toa kitambulisho chako na vyeti vya wanao uviweke meza moja usome majina herufi kwa herufi. Kama yanatofautiana, rekebisha ungali hai, maana ukiwa hai ni safari moja ya Huduma Centre au mbili, ukishakufa ni kiapo, mashahidi na nauli za watu wengine.

Barua ya chifu ndiyo iliyotuletea kishindo. Chifu huandika orodha ya wote waliokuwa wakimtegemea marehemu, na kabla hajaandika huuliza mbele ya wazee kama kuna mwingine. Kimya kikapita. Kisha rafiki wa kakangu wa kazini akakohoa, akasema kuna mtoto Mariakani, wa miaka sita.

Shemeji alikuwa akijua. Sisi wanaume wa nyumba ndio tuliokuwa hatujui, au tuliokuwa tukijifanya. Mama wa mtoto hakuwa ameolewa. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, pale pa jina la baba, kilikuwa na herufi za X tu, kama ilivyokuwa desturi ya vyeti vya watoto wa nje ya ndoa kabla Mahakama Kuu haijaliondoa jambo hilo mwaka 2016. Ami akasema huyo hana fungu, na kwa hukumu za mirathi kama zilivyokuwa kwa Kadhi wakati ule, alikuwa na hoja. Lakini hii haikuwa mirathi. Wadhamini hawakuuliza kama mtoto ni mrithi. Waliuliza kama alikuwa akilishwa na marehemu. Jibu lilikuwa kwenye simu. Tulitoa taarifa ya M-Pesa ya miaka miwili, na kila tarehe za mwanzo wa mwezi kulikuwa na pesa kwenda Mariakani, na Januari kulikuwa na karo. Mwalimu mkuu wa shule ya mtoto akaandika barua. Ikatosha.

Kama una mtoto nje, ninakwambia kama ndugu, mwandike. Huna haja ya kutangaza msikitini wala kanisani. Fomu ya wanufaika ni siri kati yako na mfuko hadi siku utakapokufa, na siku hiyo hutakuwapo kuona aibu. Usipomwandika, atakayesimama kumtetea mtoto wako ni rafiki anayekohoa kwenye kikao cha chifu.

Mwishowe wadhamini walimpa mjane asilimia 40, na watoto wanne asilimia 15 kila mmoja. Ilichukua miezi kumi na mmoja tangu kifo. Mafungu ya watoto hayakuwekwa mkononi mwa mtu. Yaliwekwa chini ya mfuko wa amana unaolipa karo shuleni moja kwa moja kila muhula, na kinachobaki mtoto hupewa akifika miaka 18. Wakati ule shemeji alilalamika kwamba anawekewa pesa za wanawe kama yeye ni mwizi. Siku hizi husema afadhali, maana ndugu waliomjia na mikopo na biashara za kuku walimaliza ile 40 yake ndani ya miaka miwili, lakini za watoto hawakuzifikia.

Kuna pesa nyingine ambazo nusura zitupotee kwa kutojua kuuliza. Mwajiri wake alikuwa na bima ya maisha ya kikundi, tofauti kabisa na pensheni, iliyolipa mshahara wa mwaka mara tatu. Hakuna aliyetutajia. Niliisikia kwa dereva mmoja wa kampuni, kwenye foleni ya chai. Kwa hiyo ukifika kwa mwajiri usiulize "kuna pensheni?" Uliza kila kitu kimoja kimoja: pensheni, bima ya kikundi, siku za likizo ambazo hazikuchukuliwa, mshahara wa mwezi wa mwisho. Sacco pia ina fomu yake ya mwandikiwa, na mkopo wa marehemu mara nyingi umekatiwa bima, kwa hiyo msikubali haraka kuukata kwenye akiba zake kabla hamjauliza. NSSF ni dai la peke yake, na hata kama makato ya zamani yalikuwa shilingi 200 kwa mwezi na 200 za mwajiri, ni haki. Sheria mpya ya 2013 ina hata msaada wa mazishi wa shilingi 10,000. Na kama kifo kimetokana na kazi, sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007 inawapa wategemezi mapato ya miezi 96. Hiyo ni miaka minane ya mshahara. Nimeona familia ikikubali ng'ombe, magunia ya mchele na "rambirambi za mkurugenzi" mahali pa hiyo.

Mfuko ukiwazungusha, andikeni malalamiko kwa RBA, mamlaka inayosimamia mifuko yote ya pensheni Kenya, na msiporidhika huko lipo baraza la rufaa. Na kama mnahisi marehemu alikuwa na pesa mahali lakini hamjui wapi, ipo mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Pesa zilizokosa mwenyewe huishia huko, na mnaweza kuulizia kwa jina na namba ya kitambulisho.

Kwa waliokaribia kustaafu neno langu ni fupi. Siku ya kununua pensheni ya kila mwezi kutoka kampuni ya bima, kiasi kikubwa zaidi kwenye karatasi huwa ni kile kinachokufa na wewe. Kile kinachoendelea kumlipa mwenzio, au chenye dhamana ya kulipwa miaka kumi hata ukifa mapema, kitaonekana kidogo. Nenda na mwenzio siku hiyo, asikie mwenyewe.

Mimi nami sikuwa msafi. Januari 2021, walimu tuliokuwa chini ya miaka 45 tulihamishiwa mfuko mpya wa watumishi wa umma, ambao sasa tunachangia asilimia 7.5 na serikali asilimia 15, na ndani yake mna bima ya maisha isiyopungua mshahara wa mwaka mara tano. Nilipokuwa nikijaza fomu mpya nilikumbuka kwenda kuitazama ile ya Sacco yangu. Nilikuwa nimemwandika kakangu, asilimia 100. Miaka saba tangu nimzike, na nilikuwa nikiwashauri wenzangu chumba cha walimu kila Ijumaa.

Niliibadilisha siku hiyo hiyo, na 2023 nikaibadilisha tena alipozaliwa kitinda mimba wetu. Nakala moja iko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, nyingine nimempa shemeji Likoni. Namba yangu ya kazi, ya NSSF na ya Sacco mke wangu anazo kwenye simu. Amezihifadhi kwa jina la Fundi wa Bomba, maana simu kivukoni huibwa.