Deni linanimeza uniti: majibu ya maswali yenu

SWALI: Mita yetu ni ya tokeni. Mwanzo wa mwezi nilinunua umeme wa 1,000 nikapata uniti kiduchu. Wiki iliyofuata nikanunua wa 1,000 tena, zikaja karibu mara mbili ya zile. Mita imeharibika? Naambiwa nina deni, ila silifahamu ni la nini. — *Mama wa Watatu*

JIBU: Mita yako ni nzima, mama. Hesabu hiyo hufanyika kwenye mfumo wa mauzo kabla tokeni haijakufikia, na dalili uliyotupa inaonyesha wazi aina ya makato uliyowekewa.

Deni hukatwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni asilimia: kila ununuapo, sehemu ile ile huondolewa, tuseme 30 kwa 100. Ukinunua mara moja au mara kumi, ni yale yale. Ya pili ni kiwango cha kila mwezi au kila wiki, ambacho hukatwa chote kwenye ununuzi wa kwanza wa kipindi hicho. Kwako inaelekea ni hii ya pili. Chukulia makato ya deni ni 300 kwa mwezi na gharama ya huduma ya kila mwezi ni 200: katika ile 1,000 ya kwanza umebaki na 500 tu ya umeme, na ya pili umeipata yote. (Kodi tumeiacha pembeni.)

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu anaona deni linamkera, anakaa miezi miwili bila kununua, anatumia mkaa na tochi. Makato hayalali. Akirudi mwezi wa tatu anakuta 500 mara tatu, yaani 1,500 zinamngoja mlangoni, na akija na 1,000 hapati hata uniti moja. Kwa makato ya namna hii, nunua kidogo kila mwezi hata kama unasafiri.

Kwenye makato ya asilimia mambo ni kinyume: usiponunua hukatwi, lakini deni halisogei. Deni la 6,000 kwa anayenunua wa 2,000 kwa mwezi na kukatwa 30 kwa 100 litakwisha kwa miezi kumi.

Tahadhari moja. Kama uniti *hupungua* kwenye manunuzi ya pili ndani ya mwezi huo huo, usilaumu deni. Huenda bei yenu inapanda kwa ngazi: uniti za mwanzo rahisi, za baadaye ghali.

Sasa hilo deni usilolijua. Omba taarifa ya maandishi yenye vitu vinne: lilianza kiasi gani, tarehe gani, kwa sababu ipi, na limebaki kiasi gani. Sababu huwa ni bili ya mita ya zamani iliyohamishiwa kwenye mpya, mkopo wa kuunganishiwa umeme, uniti za dharura ulizokopa, faini, au mpangaji aliyekutangulia. Nenda na risiti za miezi mitatu. Usiseme tu “nipunguzieni”, taja kiwango: “Natumia uniti 15 kwa wiki, naweza kukatwa 150 kwa mwezi badala ya 300.” Mwenye namba mkononi husikilizwa upesi zaidi. Na nenda uniti zingali zipo, maana ukiwa gizani utakubali lolote.

SWALI: Deni nimemaliza, risiti haionyeshi makato, lakini uniti zinayeyuka hata tukiwa tumelala. — *Baba Mwenye Nyumba*

JIBU: Angalia kitaa kinachopepesa kwenye mita. Kando yake pameandikwa 1000 imp/kWh (yaani mipepeso 1000 kwa kila uniti), au 1600, au namba nyingine. Ikiwa ni 1000, hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zinazotumika wakati huo. Sekunde 3 ni wati 1,200, pengine pasi imesahauliwa. Ikiwa ni 1600, gawa 2,250 kwa sekunde hizo.

Usiku zima breka zote ndogo kwenye boksi, acha swichi kuu. Ngoja dakika kumi. Kitaa kikitulia, kiwe kimezima au kimewaka bila kupepesa, tatizo liko ndani: washa breka moja moja hadi kianze tena. Kikiendelea kupepesa, zima na swichi kuu. Bado? Basi waya kati ya mita na boksi unavujisha, au kuna mtu ameunganishwa baada ya mita yako. Hapo usiguse, ita fundi mwenye leseni. Mpepeso mmoja kila sekunde 30 unaonekana mdogo, lakini ni wati 120, karibu uniti 3 kwa siku.

Mshukiwa wetu wa kwanza huwa hita ya maji. Thamostati ikiganda, maji huchemka usiku kucha. Bomba la maji moto linalodondoka nalo hufanya hita ijaze na kupasha upya bila kukoma. Na koili ikipasuka, umeme hupenya kwenye maji na kwenda ardhini; breka ya kuzuia uvujaji ingekata, lakini nyumba nyingi hazina. Ukihisi bomba linakutekenya mkono, zima hita saa hiyo hiyo.

SWALI: Fundi ananiambia atairuka mita, yaani atavuta waya umeme usipite kwenye mita, mpaka nipate hela ya deni. — *Mpangaji*

JIBU: Mkatalie. Mita nyingi hugundua zikifunguliwa kifuniko na hujifunga. Haifunguki mpaka upate tokeni maalumu kutoka kwa mtoa umeme, na akija atakuta waya. Utaongezewa faini juu ya deni lile lile, na waya uliofungwa bila kinga ukipata moto hakuna breka itakayokata.

Kama deni ni la aliyekutangulia, peleka mkataba wa pango wenye tarehe ya kuingia pamoja na picha ya namba ya mita na uniti zilizosomeka siku hiyo. Hukuipiga picha? Ipige leo, na umwombe mwenye nyumba aandike tarehe uliyoingia na kutia sahihi.