Kuhesabu vitu kwenye vekta: lupu ya nini wakati count_if ipo?

Vijana wanaojifunza C++ hapa Kigoma huwa wananiletea programu zao niziangalie, na karibu kila moja nakuta kilupu kimeandikwa kwa ajili ya kuhesabu tu, int idadi = 0, halafu for, halafu if, halafu idadi++. Inafanya kazi sikatai, ila mtu akisoma lazima aipitie yote mpaka mwisho ndo ajue kumbe jamaa alikuwa anahesabu.

Chukulia programu ya mfanyabiashara wa samaki pale mwalo wa Kibirizi, una vekta (orodha) ya mizigo, kila mzigo una aina, kilo, na kama umeshalipiwa. Bosi anataka kujua mizigo mingapi ya migebuka bado inadaiwa. Juu unaweka #include <algorithm> halafu unaita count_if, inayohesabu vitu vinavyotimiza sharti lako:

auto n = std::count_if(mizigo.begin(), mizigo.end(), [](const Mzigo& m) { return m.aina == "mgebuka" && !m.imelipwa; });

Basi, jina lenyewe limeshasema kila kitu. Kama huna sharti, unatafuta thamani moja tu, mfano koma ziko ngapi kwenye mstari wa faili, tumia std::count, hiyo haihitaji hata lamda (kile kifunksheni kisicho na jina kinachoanza na []). Na ukiwa na C++20 unaandika std::ranges::count_if(mizigo, ...) bila hizo begin na end, mimi ndo naipenda zaidi.

Sharti likitegemea kitu cha nje, tuseme kilo za chini alizoandika mtumiaji, jina lake liingize kwenye mabano ya lamda, [kiwango], la sivyo kompaila itakataa.

Sasa hiyo auto sijaiweka kwa mbwembwe. Jibu linalorudi siyo lazima liwe int, mara nyingi ni ptrdiff_t, yaani namba inayoweza kuwa hasi, wakati mizigo.size() haiwi hasi kamwe, kwa hiyo ukizilinganisha kwenye kompaila ya g++ yenye -Wall (chaguo la kuwasha maonyo) utapigwa onyo, na wengi wanalipuuza tu aisee.

Kingine, kama swali ni "kuna mzigo wowote haujalipiwa?" usiandike count_if(...) > 0. Itapita mizigo yote hadi wa mwisho hata kama jibu lilikuwa kwenye mzigo wa kwanza kabisa, any_of yenyewe ikipata mmoja inaishia hapohapo.

Na kwa std::set (mkusanyiko unaoweka vitu kwa mpangilio bila kurudia) usipeleke std::count, inapita kimoja kimoja. Tumia count ya set yenyewe, vitu milioni 1 inalinganisha kama mara 20 hivi imemaliza. Ila hiyo ni kwa kutafuta thamani, sharti kama lile la migebuka bado ni count_if tu, hata kwenye set.