Makohozi Safi, Tumbo Lenye Kifua Kikuu

Kwa miezi minne mdogo wangu alitibiwa taifodi mara mbili na vidonda vya tumbo mara moja, katika zahanati tofauti, ilhali homa iliendelea kumpanda kila jioni na shuka lake lililowa jasho kila usiku. Kilichonishtua ni kanga. Mashavu na mikono vilikuwa vimekwisha kabisa, lakini kanga aliyozoea kujifunga ikawa haimtoshi kiunoni, kwa kuwa tumbo lilikuwa limejaa maji.

Makohozi yalipimwa yasionekane vimelea, picha ya kifua nayo ikawa safi, nasi tukashukuru kwamba si TB. Tulikosea. Vimelea vya kifua kikuu huweza kufika tumboni kwa njia ya damu, kwa mgonjwa kumeza makohozi yake, au kwa kunywa maziwa mabichi ya ng'ombe mwenye ugonjwa (ndiyo maana nawasihi ndugu zangu wafugaji wayachemshe), vikashambulia tezi, utando wa tumbo, au pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana.

Kwa hiyo, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda na maumivu ya tumbo yakidumu kwa wiki kadhaa, mweleze daktari yote kwa pamoja, kisha umuulize waziwazi kama inaweza kuwa TB ya tumbo. Mdogo wangu alipigwa ultrasaundi, akachotwa maji tumboni kwa sindano. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi isiyokolea, na ndiyo yaliyopelekwa maabara. Wengine hulazimika kukatwa kinyama kidogo cha kupimwa. Kipimo cha VVU nacho msikikwepe.

Dawa hutolewa bure katika vituo vya serikali hapa Tanzania. Kwa kawaida matibabu huchukua miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi 4. Mkojo hugeuka rangi ya chungwa, na hilo lisimtishe mgonjwa. Lakini macho yakiwa ya manjano, arudi kituoni siku hiyohiyo. Tumbo likivimba na kukaza, akatapika na kukosa choo, awahishwe hospitali, maana huenda utumbo umeziba. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango amwambie mhudumu, kwa sababu rifampisini huvipunguzia nguvu. Mwezi wa tatu, alipoanza kumaliza sahani yake ya ugali, mdogo wangu alitaka kuacha dawa, nami nikawa nakaa naye kila asubuhi mpaka ameze.

Mama alikuwa amemtengea kikombe. Muuguzi alipotueleza kwamba TB ya tumbo isiyoambatana na ya mapafu haiambukizwi kwa kula wala kunywa pamoja, kikombe kile kilirudi kabatini kwa vingine jioni ileile.