Nimepagawa na sauti ya mtu nisiyemjua

*Shangazi, nina miaka 29 na nimechumbiwa. Kazini kuna mteja anayepiga simu kila wiki. Ana sauti nzito yenye mkwaruzo kidogo. Akisema "habari za leo" tu, moyo unanienda mbio. Mchumba wangu ni mwema, ila sauti yake nyembamba. Nimeshamwomba ajitahidi kuishusha. Je, nivunje uchumba? – Mpenda Besi*

Mwanangu Mpenda Besi,

Niache nicheke kwanza, maana ugonjwa huo ninao. Enzi zangu kulikuwa na mtangazaji wa redio ambaye hata akisoma hali ya hewa, nilinyamazisha nyumba nzima. Picha yake sikuwahi kutaka kuiona.

Mvuto huo una asili yake. Mvulana akibalehe, homoni hurefusha na kunenepesha nyuzi zake za sauti, nazo hutetema polepole zaidi: kwa wanaume wengi ni kama mara 120 kwa sekunde, kwa wanawake kama mara 200. Basi sikio huisikia besi kama tangazo kwamba huyu ni mwanamume kamili. Tangazo tu! Hata kimo cha mtu mzima huwezi kukikisia vizuri kwa sauti yake, sembuse tabia.

Sasa sikia la simu. Kwa miaka mingi simu za kawaida zimekuwa zikikata sauti zote zilizo chini ya mitetemo 300 kwa sekunde. Yaani ule uzito wa chini kabisa haukufikii. Ubongo wako unasikia mitetemo ya juu yake, kisha unaujazia wenyewe. Besi unayoililia, nusu umeipika wewe. Na kama sauti tu umeijazia, huo uso na huo upole uliompa umevitoa wapi? James Earl Jones, Mmarekani aliyempa mhusika Darth Vader sauti katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, hakuwamo ndani ya vazi jeusi la mhusika huyo. Alilivaa mwigizaji mwingine, David Prowse. Watazamaji waliunga sauti ya huyu na mwili wa yule bila kushtuka. Wewe mwili wenyewe unautunga.

Lililoniudhi ni la mchumba wako. Mtu akijilazimisha kushusha sauti hukaza koo, na mwisho wake ni kukauka sauti na maumivu. Tena kila akifungua mdomo atakumbuka kwamba hakutoshi. Mwombe radhi leo. Habari za mteja usimpelekee.

Simu za huyo bwana mwachie mwenzako azipokee kwa mwezi mmoja. Wakati huo kumbuka: mteja alianza kupiga lini, na sauti ya mchumba ilianza kukukera lini? Ukiona vyote vilianza pamoja, usivunje kitu. Kama ilikukera tangu siku ya kwanza, niandikie tena, na safari hiyo mteja usimtaje hata mara moja.

Shangazi