Mama aliyenifundisha kuhesabu pumzi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya uuguzi, nataka niwasimulie habari za mama mmoja aliyefariki akiwa na miaka 91. Alilea watoto watano na karibu miaka 40 ya maisha yake ilipita wodini. Alikuwa Mlutheri tangu ubatizo wake wa uchanga. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, nikawa mwenzake wa zamu, na mwishoni nikawa muuguzi wake.

Naanza na kosa langu. Ilikuwa zamu ya usiku, wodi imejaa, na tuko wawili tu. Nilipima joto na presha kwa kila mgonjwa, lakini kwenye safu ya upumuaji niliandika 20 kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo nilijua namba hiyo haitamshtua yeyote. Mama alipitia mafaili yote kimya, kisha akaniita kwenye kitanda cha mzee mmoja. Akamshika kifundo cha mkono kama anayepima mapigo, ila macho yake yalikuwa kifuani kwa mgonjwa. Akahesabu dakika nzima. “34,” akaninong'oneza. Daktari akaitwa, oksijeni ikawekwa, na matibabu ya nimonia yakaanza usiku uleule badala ya kungoja asubuhi.

Kwa nini kifundo cha mkono? Kwa sababu mgonjwa akijua unahesabu pumzi zake, hubadilisha anavyopumua bila hata kukusudia. Na kwa nini dakika nzima? Ukihesabu sekunde 15 halafu ukazidisha kwa nne, pumzi moja uliyoikosa inakuwa nne kwenye faili. Hakunisema mbele ya mtu. Alinirudishia kalamu, nami nikapiga mstari mmoja juu ya kila 20 niliyoibuni, ikabaki inasomeka, nikaweka saa na sahihi, kisha nikaanza kuhesabu upya kitanda kwa kitanda. Kosa la faili halifutwi. Mpaka leo naona aibu ya usiku ule, na ninaishukuru.

Jambo la pili ni kukabidhi zamu. Hapa ndipo imani yake nilipoiona kuliko mahali pengine popote. Hakuwa mtu wa kuwahubiria wagonjwa. Aliamini kwamba mtu aliye kitandani hawezi kuinuka akaondoka, kwa hiyo si haki kumsomea asichokiomba. Akiombwa sala, alisali, kwa ufupi. Lakini kila alipotoka kazini aliisali sala ya jioni ya Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani alichokiandika Martin Luther mwaka 1529, ile ambayo mtu hukabidhi mwili na roho yake mikononi mwa Mungu. Baada ya sala hiyo Luther anaelekeza jambo moja tu: ulale mara moja, kwa furaha. Mama aliyachukua maneno hayo kama agizo la kazi. Alikabidhi zamu akiwa amesimama kando ya kila kitanda: huyu dripu yake inaisha saa ngapi, huyu hajakojoa tangu mchana, huyu anaogopa na hasemi. Akishakabidhi hivyo, alikwenda nyumbani akalala. Nimeona wauguzi wazuri sana wakiacha kazi kwa sababu wodi iliwafuata hadi kitandani. Kabidhini vizuri, ndipo mtaweza kulala.

Mnapofundishwa historia mnasoma habari za Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, na mnapaswa kuzisoma. Mama alipenda kuongeza kwamba mwaka 1851 Nightingale alijifunza kwa miezi kadhaa Kaiserswerth, Ujerumani, ambako mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walianzisha nyumba ya mashemasi wa kike mwaka 1836 ili wahudumie wagonjwa. Mashemasi wale walioolewa waliiacha jumuiya yao. Mama alibeba kazi na familia pamoja, na ilimgharimu: mtoto wake wa tatu alitembea kwa mara ya kwanza yeye akiwa zamu. Mumewe ndiye aliyefua nepi. Watu walipomcheka, Mama aliwakumbusha kwamba Luther aliandika mwaka 1522 kuwa baba anayefua nepi kwa imani huchekwa na watu, lakini Mungu na malaika wote hutabasamu. Mkiwa na mwenzi wa namna hiyo, mshukuruni kwa sauti.

Miezi yake ya mwisho hakuweza kujigeuza. Mgonjwa wa namna hiyo ngozi yake huumia pale mfupa unapokandamiza: visigino, nyonga, sehemu ya chini ya mgongo. Ukiona wekundu usiofifia unapoubonyeza, jeraha limeshaanza; na kwenye ngozi nyeusi msitegemee macho, gusa, maana sehemu hiyo huwa na joto au ugumu kuliko ngozi ya jirani. Watoto wake nami tuligawana zamu, tukawa tunamgeuza kila baada ya saa mbili, na daftari la kawaida likawa faili lake. Binti yake mkubwa, ambaye hakusomea uuguzi, alikuwa makini kutushinda sote. Mama hakupata kidonda hata kimoja.

Usiku wa mwisho, saa nane, tulimlaza ubavu wa kushoto na kumwekea mto katikati ya magoti. Pumzi zilikuwa zinakawia kurudi. Nikamshika kifundo cha mkono, macho yangu kifuani pake, nikahesabu dakika nzima. Zilikuwa 7. Nikaandika.